Mwili Ukizeeka, Sabuni Ipungue

Jioni moja ya mwezi wa Julai tulikuwa darasani na wanakisomo wetu. Somo lilikuwa kuandika barua. Nje ulikuwa unavuma ule upepo mkavu wa kipupwe ambao sisi watu wa Dodoma na Singida tunaujua vizuri. Bibi mmoja aliyekaa benchi la mbele hakuandika hata mstari mmoja. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukikuna mkono wa kushoto. Ukahamia mguuni. Ukarudi shingoni. Tulipokusanya madaftari tuliona lake lina madoa ya damu.

Juma lililofuata hakuja darasani. La pili yake hakuja tena. Basi tukaenda nyumbani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, walimu wangu. Karibuni, kaeni hapa kivulini."

"Mbona umetuacha, bibi?"

"Sikuwaacha. Naona aibu tu. Usiku silali, najikuna mpaka jogoo anawika. Mchana watu wananitazama. Wengine wameshasema ninao ule ugonjwa. Wengine wanasema nimerogwa. Sasa nije nijikune mbele za watu?"

Tulimwuliza kama amekwenda zahanati. Alikuwa amekwenda, tena mara mbili. Alipimwa damu, alipimwa sukari, akatazamwa katikati ya vidole kama ana upele. Hawakuona ugonjwa. Mganga alimwambia kwamba ngozi yake imekauka kwa sababu ya umri, na kwamba yeye mwenyewe anaisumbua mno. Hilo la mwisho ndilo hakulielewa.

"Naisumbua vipi? Mimi naoga mara mbili kwa siku, maji ya moto, sabuni ya mche na dodoki. Nasugua kweli kweli. Kama mlivyotufundisha."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalituchoma. Ni kweli tulifundisha hivyo. Tulisimama mbele ya darasa lenye vijana wa miaka 20 na wazee wa miaka 70, tukawaambia wote kwa pamoja: sugueni mwili kwa sabuni. Wazee wengine walikuwa wamelisikia somo la usafi tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati wao wenyewe wakiwa vijana, na wakalishika vizuri. Sisi hatukuwaambia kwamba mwili wa mzee si mwili wa kijana. Tunaandika makala haya ili tulipe deni hilo.

NGOZI NI KAMA UKUTA WA NYUMBA

Watu wengi hudhani ngozi ni kitambaa tu kilichofunika nyama. Sivyo. Ngozi ni kiungo cha mwili kama moyo au ini, tena ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia. Inazuia maji ya mwilini yasitoke ovyo, na inazuia vijidudu vya nje visiingie.

Itazame kama ukuta. Sehemu ya juu kabisa ya ngozi imejengwa kwa chembe ndogo ndogo zilizokufa, zikapangwa kama matofali. Katikati ya matofali hayo kuna mafuta. Mafuta hayo ndiyo udongo wa kuunganishia. Udongo ukiwa mzuri ukuta haupitishi kitu. Udongo ukimomonyoka ukuta unafanya nyufa. Maji ya ndani yanatoka na vitu vya nje vinapenya. Hapo mishipa ya fahamu inashtuka, na wewe unasikia mwili unawasha.

Ukuta huu unachakaa na kujengwa upya kila siku. Matofali ya zamani yanapukutika, mapya yanapanda kutoka chini. Kwa kijana safari hiyo huchukua kama wiki 4. Kwa mzee huchukua muda mrefu zaidi. Tena tezi za mafuta zilizo ndani ya ngozi hupunguza kazi, na kwa akina mama jambo hili huonekana zaidi baada ya kukoma hedhi. Jasho nalo hupungua. Ngozi yenyewe inakuwa nyembamba, na mafuta yaliyo chini yake, yaliyokuwa kama godoro, yanapungua pia. Ndiyo maana mzee akijigonga kidogo tu mlangoni anapata alama nyeusi au anachubuka, wakati mjukuu wake ameanguka toka juu ya mti akainuka anacheka.

Ninyi mliokulia kwenye nyumba za tembe mnalijua jambo hili. Mvua ikiosha udongo wa ukuta, mwenye nyumba anakandika udongo mwingine. Akiwa na nguvu anakandika nyumba nzima kwa siku moja. Akizeeka anakandika kidogo kidogo. Sasa mzee huyu tumsaidieje? Tuumwagie ukuta wake maji ya moto asubuhi na jioni, kisha tuusugue kwa dodoki?

SABUNI HAICHAGUI

Sabuni hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali. Akina mama wa vikundi vya kutengeneza sabuni wanajua jinsi maji ya kostiki soda yanavyounguza mkono. Sabuni ikishakomaa haiunguzi namna hiyo, lakini tabia ya magadi inabaki ndani yake. Ngozi yenye afya iko kinyume: ina uchachu kidogo. Uchachu huo unasaidia kuujenga ule udongo wa ukuta na kuwazuia baadhi ya vijidudu. Ukipaka sabuni uchachu unapungua. Ngozi ya kijana inaurudisha baada ya saa chache. Ya mzee inachelewa, na kabla haijamaliza kazi hiyo, ndoo ya jioni imeshafika.

Halafu sabuni haichagui. Kazi yake ni kubeba mafuta. Inabeba mafuta machafu, na inabeba mafuta ya ukuta pia. Sabuni ya mche ndiyo isiyofaa kabisa mwilini mwa mzee, maana imetengenezwa kwa ajili ya nguo na sufuria. Maji ya moto yanaongeza hasara. Wewe mwenyewe unajua sufuria ya nyama inavyoosheka upesi kwa maji ya moto kuliko kwa maji ya baridi. Wakati wa kipupwe maji ya moto ni matamu mwilini, hatukatai. Lakini utamu wake ni wa dakika kumi, na muwasho wake ni wa usiku kucha.

Basi mzee afanyeje? Aoge mara moja kwa siku, kwa maji ya uvuguvugu, bila kukawia sana majini. Sabuni iwe ya kuogea, isiyo na marashi makali, na ipakwe mahali panapotoa jasho na harufu tu: kwapani, kinenani, makalioni na miguuni. Kwa akina mama, sabuni ni ya sehemu za nje; ndani isiingie. Mikono, mapaja, tumbo, mgongo na miguu kuanzia kwenye goti, maji matupu yanatosha. Kama ulikuwa shambani na vumbi limekuganda, sawa, paka sabuni siku hiyo. Dodoki lipumzike. Kiganja cha mkono kinatosha kusugua, au kitambaa laini.

Hapo darasani tuliulizwa swali, tena kwa ukali: "Mwalimu, unatufundisha uchafu?" Hapana. Unawaji wa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kula au kupika haupunguzwi hata kidogo, kwa mzee wala kwa mtoto. Ukiona mikono inapasuka kwa kunawa mara nyingi, ipake mafuta kila baada ya kunawa. Tunachosema ni kwamba goti la bibi wa miaka 70 aliyeshinda nyumbani halina uchafu wa kuhitaji sabuni mara mbili kwa siku.

MAFUTA NI KAMA MATANDAZO

Kuhusu mafuta watu wengi wanakosea wakati wa kupaka kuliko aina ya mafuta. Mtu anaoga, anajifuta mpaka anakauka kabisa, anavaa, anapika chai, ndipo anakumbuka mafuta. Amechelewa.

Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi. Yanayazuia maji yaliyopo yasiondoke. Mkulima haweki matandazo kwenye shamba kavu akategemea matandazo yalete mvua. Anatandaza udongo ukiwa na unyevu, ili unyevu usipotee. Fanya vivyo hivyo. Ukitoka kuoga, jipanguse kwa kubandika kanga mwilini bila kusugua, na ngozi ingali na majimaji, paka mafuta hapo hapo. Anza na miguu, maana ndiyo hukauka kwanza. Mgongo ni tabu kwa mtu anayeishi peke yake, mwombe mjukuu.

Mafuta gani? Mafuta ya mgando yasiyo na marashi ndiyo yanayofunga maji vizuri kuliko mengine. Si kitu kipya: Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hati ya ugunduzi mwaka 1872, na mpaka leo waganga wa ngozi wanayaagiza. Mafuta ya nazi yanafaa. Mafuta ya alizeti yanayokamuliwa huku huku kwetu nayo yanafaa, mradi yawe safi, yasiwe yamekaangia samaki wala kupata uvundo. Samli tunaiheshimu kwa kuwa wazee wetu waliipaka, lakini inavunda upesi na kuvuta nzi. Chagua aina moja. Ukiona inakupendeza, baki nayo.

Tahadhari mbili. Ukipaka nyayo, usisimame mara moja kwenye sakafu ya saruji. Vaa soksi au kaa kwanza, maana kuteleza kwa mzee kunavunja nyonga. Ya pili, nguo iliyolowana mafuta ya mgando ikishika moto huwaka upesi. Wewe unayepikia kwenye mafiga, usichochee moto na kanga uliyojifutia mafuta wiki nzima. Ifue.

Wengine husema dawa ya ngozi kavu ni kunywa maji mengi. Maji kunywa, mwili unayahitaji, na wazee wengi husahau kunywa. Lakini kama ukuta una nyufa, hata ukinywa mtungi mzima ngozi ya juu itaendelea kukauka.

VITU SABA KWENYE KABATI

Tulirudi kwa bibi siku ya pili. Akatuingiza ndani kutuonyesha vitu anavyopaka. Tulivihesabu pamoja, kwa kuwa hesabu nayo ni somo. Vilikuwa 7. Losheni mbili zenye marashi alizoletewa na binti yake kutoka Dar es Salaam. Krimu ya uso ya asubuhi na nyingine ya usiku, zawadi ya mjukuu. Poda. Chupa ya dawa ya kuulia vijidudu, ambayo alikuwa akiitia kwenye maji ya kuoga akidhani muwasho unaletwa na uchafu. Na tyubu moja ndogo aliyoinunua mwenyewe dukani, aliyoambiwa tu kuwa ni "dawa ya ngozi". Vyote vilikuwa na maandishi ya Kiingereza. Alikuwa akipaka kwa kufuata rangi ya kopo.

Watoto wanaoleta zawadi hizi wanawapenda wazazi wao, na hatuwalaumu. Lakini marashi yanayomfurahisha kijana yanaweza kuiwasha ngozi yenye nyufa, na dawa ya kuulia vijidudu inaikausha zaidi. Tulipiga hesabu ya zile losheni na krimu 4. Kwa bei ya dukani kwetu wakati huo kila moja ilikuwa shilingi 4,000, na alikuwa anazimaliza kwa miezi miwili. Hizo ni shilingi 16,000, ambazo kwa mwaka ni 96,000. Lita moja ya alizeti ilikuwa shilingi 5,000, nayo ingemtosha miezi miwili hiyo hiyo. Kwa mwaka, 30,000. Bibi alifikiri kidogo akasema, "Basi mwambieni binti aniletee mchele."

Ile tyubu ndiyo iliyotutia hofu. Ndani yake mlikuwa na dawa ya jamii ya steroidi. Dawa hizi zikipakwa siku chache, mahali padogo, kwa maagizo ya mganga, zinasaidia sana, muwasho unakoma. Hapo ndipo penye mtego. Muwasho unakoma, mtu anafurahi, anapaka mwili mzima mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka mwaka. Kidogo kidogo ngozi inazidi kuwa nyembamba. Zikipakwa juu ya fangasi, fangasi wanaenea huku alama zao zimefichika. Bibi alitukunjulia mkono wa gauni. Miezi michache nyuma alijigonga kwenye pembe ya kitanda, na ngozi ikachanika kama karatasi iliyolowa. Kidonda kilichukua miezi miwili kupona. Yeye alidhani ni uzee tu. Uzee ulikuwepo, lakini ulikuwa umesukumwa.

Tena wapo akina mama, na akina baba pia siku hizi, wanaopaka krimu za kung'arisha ili kufuta madoa ya uzee usoni. Krimu nyingi za namna hiyo zina haidrokwinoni au zebaki. Zebaki ni ile ile ambayo wachimbaji wadogo wanaitumia kukamatia dhahabu. Inapenya kwenye ngozi na kuharibu figo. Serikali yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye vitu hivi viwili, na tangu mwaka 2019 kazi ya kukagua vipodozi iko kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Hata hivyo bado zinapatikana magengeni. Sisi tunasema wazi: doa la uzee haliumi wala haliui, krimu hiyo yaweza.

Sasa chukua daftari lako. Nakili maneno haya kwa herufi kubwa kama yanavyoandikwa kwenye makopo:

CLOBETASOL
BETAMETHASONE
HYDROQUINONE
MERCURY

Huna haja ya kujua Kiingereza. Linganisha herufi kwa herufi na maandishi ya kopo lako, hata yale madogo ya nyuma. Ukikuta mawili ya kwanza, hiyo ni steroidi. Mwulize mganga kabla ya kuendelea. Kama umeipaka mwili mzima kwa miezi mingi usiiache ghafla, maana ngozi inaweza kuwaka vibaya. Nenda ukapunguziwe taratibu. Ukikuta mawili ya mwisho, acha kupaka, na kopo usilitupe motoni wala karibu na kisima. Mpelekee bwana afya. Kama kopo halina maandishi kabisa, au ni mkorogo uliochanganywa na mtu, usilipake.

Bibi alibakiwa na vitu viwili: kipande cha sabuni ya kuogea na chupa ya alizeti. Ile tyubu aliipeleka zahanati, wakampunguzia. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya, hatutadanganya. Muwasho ulirudi, akataka kurudia tyubu. Mjukuu alimkata kucha fupi, akalala na kanga laini ya pamba badala ya sweta la sufu lililokuwa likimchoma. Wiki ya tano akalala usiku mzima. Ngozi ya mikono bado ni nyembamba mpaka leo, na huenda isirudi yote. Lakini anakuja darasani.

MIGUU, NA MAMBO YA KUPELEKA ZAHANATI

Magaga ya miguu yasikatwe kwa wembe. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, sugua polepole kwa jiwe mara moja au mbili kwa wiki, paka mafuta ya mgando mengi usiku, vaa soksi. Mwenye kisukari asisugue kwa jiwe wala asiloweke miguu, kwa sababu mara nyingi miguu yake ina ganzi na hasikii anapojiumiza. Yeye aangalie nyayo zake kila jioni. Kama macho hayaoni vizuri, mjukuu anayesoma shule aangalie kwa niaba yake.

Ukipunguza sabuni na kupaka mafuta kwa mwezi mmoja na muwasho haujapungua, rudi zahanati. Si kila muwasho ni ukavu. Kama watu wengine nyumbani nao wanajikuna, hasa usiku, fikiria upele; hapo nyumba nzima inatibiwa siku moja. Huko Mahenge na sehemu nyingine zenye usubi, muwasho unaweza kutokana na minyoo inayoletwa na nzi hao. Ini au figo zikiugua mwili nao unawasha bila kipele hata kimoja. Na kama una baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa unyoya hulisikii, usilifiche. Laweza kuwa ukoma, na ukoma unatibika, dawa zake ni bure.

Kidonda kisichopona kwa wiki 4 kisikae nyumbani, hasa kikiwa juu ya kovu la zamani la moto. Doa jeusi linalokua kwenye unyayo au chini ya ukucha nalo lisikae nyumbani, hata kama haliumi. Ndugu zetu wenye ualbino wasingoje wiki hizo; kila kidonda au gamba jipya usoni, masikioni au shingoni waonyeshe mapema, wakiwa wazee au vijana. Kofia pana na nguo ya mikono mirefu ni kwa maisha yote. Kwao mafuta ya kuzuia jua si urembo, na yanatengenezwa hapa nchini, huko Moshi. Waulize zahanati yako au chama cha watu wenye ualbino jinsi ya kuyapata.